Mama wa Mzimu Anabanika Samaki

Kiseke, Mwanza
6 Julai 2025

Shangazi yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na majirani wote wa Kigongo. Sisi huku Kiseke hatujambo. Mke wangu Queen ana mimba ya miezi minne na hataki kusikia harufu ya kitunguu, kwa hiyo nyumba nzima tunakula kama wagonjwa. Mama mkwe amehamia kwetu kumwangalia Queen. Mimi namwangalia mama mkwe.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Wewe mwenyewe ulisema jambo la heshima huandikwa, na simu ni ya kuulizia bei ya samaki. Atakuletea Dorcas, jirani yako, akirudi kutoka kuuza dagaa mjini.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni yetu ya filamu, ambayo siku hizi mimi ni Meneja wake wa Mandhari na Mahusiano, inatafuta nyumba ya kupigia picha. Mwongozaji wetu, Bwana Rahim, ameiona picha ya nyumba yako na lile jiwe kubwa lililoinamia jiko lako kama linataka kuonja mboga. Aliruka kutoka kwenye kiti. Alisema nyumba hiyo ina roho. Kwa watu wa sanaa, shangazi, hiyo ni sifa kubwa.

Filamu inahusu mama na mwanaye. Ni hadithi ya upendo wa mama. Tungependa na wewe uonekane kidogo. Hutafanya lolote la ajabu. Utakaa tu kama unavyokaa siku zote.

Naomba jibu mapema, Bwana Rahim si mtu wa kusubiri.

Mwanao,
Machibya
Meneja wa Mandhari na Mahusiano


Kigongo
20 Julai 2025

Mwanangu Machibya,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka, Dorcas aliisahau ndani ya gunia la dagaa. Mimi mzima, gete, mzima kweli. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja ana sura ya marehemu mjomba wako, sitasema yupi. Mwambie Queen atafune tangawizi. Na mama mkwe usimwangalie sana, atadhani unampimia sanda.

Huku tangu daraja lifunguliwe tumekuwa watu wa kutazama. Zamani magari yalisubiri kivuko, watu wakashuka, wakanyoosha miguu, wakanunua sato wangu wa kubanika. Sasa gari linapita huko juu kama limeiba kitu. Daraja ni zuri, silisemi vibaya. Nimelivuka kwa miguu nikaone Busisi kuna nini, nikakuta na wao wamekaa wanatutazama sisi. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye njaa, hata akiwa wa sanaa, na aje.

Ila nina maswali. Kwanza, filamu yenyewe haina jina? Mtu haandiki kadi nzima ya harusi asimtaje bwana harusi. Pili, pale ulipoandika "mama na mwanaye" kuna neno umelifuta, tena umelifuta kwa kuchimba hadi karatasi imetoboka. Lilikuwa neno gani?

Na masharti yangu ni haya: mlevi asije, aliye uchi asije, na asiyejua kusalimia asije kabisa.

Shangazi yako,
Paskazia
Meneja wa Samaki na Moshi


Kigongo
14 Septemba 2025

Mwanangu,

Natumaini hamjambo na tumbo la Queen linaendelea vizuri. Mimi nimechoka lakini sijambo. Kuku wameacha kutaga tangu wageni wako waondoke, wanafikiri.

Maswali yangu hukuyajibu. Badala ya jibu nikaona magari yanaingia uani. Ulinisalimia, ukasema, "Shangazi, wewe msikilize Bwana Rahim," kisha ukapotea mpaka walipofunga mizigo. Basi nikueleze mwenyewe yaliyotokea, maana hukuwepo.

Alikuja msichana mpole anaitwa Shamsa. Walimpaka chokaa usoni, wakampa meno marefu kama misumari ya mtumbwi. Wakati wa chakula aliyatoa, akayaweka kwenye chanja langu la vyombo, akala ugali vizuri kabisa, kisha akanisaidia kuosha masufuria. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe ni nani katika hadithi hii?"

"Mimi ndiye Mzimu wa Jiwe, mama. Hii ni ya sita."

"Ya sita ya nini?"

"Filamu ya sita. Ya kwanza walinichoma moto, ya pili nikatoka kwenye majivu, ya tatu wakanitupa ziwani, ya nne nikaibuka, ya tano nikaolewa."

Nikamwambia kwamba kaka yangu Malimi, baba yako wewe, tulimzika mara moja na akatulia. Kumbe neno ulilolifuta ni hilo. Mama na mzimu wake.

Rahim naye alinikuta kwenye tanuri natoa samaki. Nilipotaka kunawa uso akapiga kelele, "Usinawe, mama! Usinawe! Macho mekundu hivyo hayapatikani dukani!" Nikamwambia, mwanangu, haya si macho, hii ni kazi. Kila mwanamke anayebanika samaki anayo. Akasema nikae hivyo hivyo, nitazame moto, niseme kitu kwa Kisukuma, polepole.

"Niseme nini?"

"Chochote, mama. Kitu ulichonacho moyoni."

Nikawaeleza namna ya kubanika sato. Umpasue mgongoni, umtie chumvi wala usimwonee huruma, umgeuze moshi unapopungua, umkaushe mpaka ngozi ilie ikiguswa. Walinyamaza kama wako kanisani. Rahim alifuta machozi. Nadhani ulikuwa moshi.

Damu yao ni rozela iliyotiwa sukari. Wakaimwaga kwenye jiwe lote, nyuki wakaja. Mpiga picha alikimbilia ziwani na nguo zake, kamera akaiacha imesimama inatupiga sisi sote tukikimbia. Hiyo ndiyo filamu ambayo ningeilipia kiingilio.

Sasa nijibu moja tu. Mama wa huyu mzimu ni nani? Maana katika ua wote mwanamke mzee nilikuwa mimi peke yangu.

Shangazi yako,
Paskazia


Dar es Salaam
19 Oktoba 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na uchovu, na pole kwa kuku. Nimeletwa huku Dar kusimamia uhariri wa filamu. Joto ni kali na maji ya kuoga yana chumvi kiasi cha kubanikia sato. Queen yupo Kiseke na mama yake. Wanapatana sana, hasa wanaponizungumzia.

Swali lako nimelisoma. Ni swali zuri. Nitalijibu tukionana uso kwa uso, kwa sababu mambo ya sanaa ni mapana.

Nikueleze habari njema. Kampuni haitengenezi tena filamu moja moja, inajenga ulimwengu. Yaani kila mtu aliyewahi kumwona Mzimu wa Jiwe atapata filamu yake. Inakuja Shemeji wa Mzimu, inakuja Mpangaji wa Mzimu. Ipo pia Mama Mkwe wa Mzimu, na hilo ni wazo langu, walisema nimeliandika kwa uzoefu.

Hii ya kwako itatoka mwezi ujao. Jina bado ni la muda. Ukiona picha yako mahali usishtuke, ni matangazo tu. Na kama huna safari ya lazima, mwezi wa kumi na moja usipitepite sana stendi.

Nakutakia afya njema.

Machibya
Meneja Mwandamizi wa Mandhari na Mahusiano


Kigongo
7 Desemba 2025

Mwanangu Machibya,

Natumaini umerudi Kiseke na Queen yuko salama. Siku zake zimekaribia. Hongera kwa huo uandamizi. Mimi nipo. Ndama wa Shimba, jirani yangu wa kule bondeni, amekufa kwa kuvimba tumbo. Nilikwenda kumpa pole, akanijibu kutoka ndani kwamba yuko bafuni. Shimba hana bafu.

Nilipita stendi. Safari ilikuwa ya lazima, chumvi iliniishia. Nikaona bango kubwa kuliko mlango. Uso ni wangu. Macho yangu ni mekundu tayari, wakayaongezea wekundu mwingine juu yake. Chini yake wameandika MAMA WA MZIMU. Kwa hiyo swali langu umelijibu, nashukuru.

Kwenye kibanda umiza, kile cha video, wameionyesha wiki nzima. Sikwenda, lakini Dorcas alikwenda. Anasema inaanza kwa maandishi meupe: HADITHI YA KWELI. ILITOKEA KIGONGO. Halafu nakuja mimi mbele ya tanuri nasema maneno yangu ya samaki, ngoma zinapigwa juu yake, na chini wameweka tafsiri ya Kiswahili: "Nitakunywa damu ya kila mzaliwa wa kwanza." Dorcas anasema watu walipiga mayowe mpaka mwenye kibanda akauza na nafasi za kusimama.

Basi, maisha yanaendelea. Sala ya jumuiya ilikuwa ifanyike kwangu, wameihamisha. Mwenyekiti anasema nyumba yangu ina ngazi nyingi. Wewe unaijua nyumba yangu, haina ngazi hata moja. Samaki hawanunuliwi, ninawala mimi na paka, na paka ameanza kunenepa kwa namna ambayo nayo watu wanaijadili.

Wanaonikwepa njiani mchana ndio hao hao wanaonijia kwa nyuma ya jiwe. Alikuja kocha wa timu yetu ya mpira, amejifunika kofia, anataka nimfunge mikono golikipa wa Busisi. Nikamwambia, "Mwanangu, fungeni mabao." Akaondoka anashukuru kama nimempa fumbo. Bahati mbaya wakashinda. Sasa hakuna anayeweza kuniambia mimi si mchawi.

Juzi jiwe limeanguka kwenye bati. Nchi yetu hii ni ya mawe, hayakosi kuanguka.

Krismasi njema.

Shangazi yako,
Paskazia


Kiseke, Mwanza
11 Januari 2026

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Queen amejifungua mtoto wa kiume, mzima, mzito. Tumempa jina la babu yake, Malimi. Analia kuanzia saa ya kula mpaka saa ya kula. Mama mkwe anasema amerithi kwangu.

Shangazi, filamu imefanya vizuri kupita zote tano. Watu wanasema huyu bibi ni tisho la kweli, wanauliza amesomea wapi uigizaji. Bwana Rahim anataka filamu ya saba iwe ya kwako peke yako.

Kuhusu yale maandishi ya "hadithi ya kweli", naomba usiyachukulie kwa uzito. Ni maneno ya biashara. Filamu za kutisha karibu zote zinasema hivyo. Hakuna anayeyaamini.

Ila Dorcas alipita hapa juzi. Alikaa kwenye kochi, hakunywa chai. Alisema mlipotoka kwenye misa ya Krismasi ulikuta tanuri lako limevunjwa, matofali yametawanywa hadi kwa mbuzi. Alisema na lile jiwe la kwenye bati halikuanguka lenyewe. Alisema kuna wanaume walikufuata ulipokwenda kuchota maji, hawakukusalimia, wakasimama tu. Kwa nini hukuniandikia?

Njoo uishi na sisi hapa Kiseke. Nitakuja kukuchukua nikipata nafasi. Mama mkwe ameiona filamu, anasema ukija yeye ataondoka, kwa hiyo utakuwa umetusaidia mara mbili.

Natania, shangazi. Sijui niseme nini.

Machibya


Kigongo
1 Februari 2026

Mwanangu,

Nimefurahi sana kwa Malimi mdogo. Mfunike kichwa asubuhi, upepo wa ziwa hauna adabu. Queen anywe uji wa ulezi.

Ndiyo, tanuri limevunjwa. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nangoja uniandikie wewe kwanza.

Kiseke siji. Nikihama leo, kesho watasema mchawi amekimbia. Keshokutwa watatafuta mwingine. Kule juu yupo bibi Modesta, anapikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, macho yake ni mekundu kuliko ya kwangu. Yeye hana mtoto wa kaka anayetengeneza filamu. Hana mtu kabisa. Unaifahamu nchi hii, Machibya. Umekulia hapa. Bibi mwenye macho mekundu anaweza kuvumilia malaria na njaa, lakini maneno ya watu yakishampata, mwisho wake huwa ni panga. Halafu mazishi yanakuwa na watu wachache, na wote wanatazama chini.

Unasema hakuna anayeyaamini maandishi yale. Shimba anayaamini. Yeye ni mzaliwa wa kwanza, na ndama wake alikuwa mzaliwa wa kwanza.

Kwa hiyo sikiliza. Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, baada ya misa, jua likiwa juu, mje. Uje wewe, na Rahim, na Shamsa na meno yake, na hiyo filamu yenyewe. Katekista amekubali kutupa ukumbi wa kigango na projekta ya parokia. Uongo mliuleta kwa magari; ukweli hamtashindwa kuuleta hata kwa basi.

Sikuombi. Nakuita.

Paskazia


Kiseke, Mwanza
18 Februari 2026

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mtoto ana mafua, Queen naye hajisikii vizuri. Bwana Rahim amesema ana kikao muhimu siku hiyo, na kwamba mchawi akionyeshwa jinsi alivyotengenezwa biashara inakufa. Mimi nitajitahidi, lakini sina uhakika, kwa sababu ya mafua ya mtoto, na pia kazini kuna mambo. Shamsa nimemwambia. Sijui kama atakuja.

Nisamehe kwa barua fupi.

Machibya


Kigongo
1 Machi 2026

Machibya,

Natumaini mafua ya mtoto yamekwisha. Na ya kwako.

Hukuja. Nilikuwekea kiti mbele, katekista akaweka Biblia juu yake ili mtu asikikalie.

Shamsa alikuja. Alishuka kwenye basi na begi lake dogo, akanipigia magoti mbele ya watu wote, akanisalimia. Watu walijaa hadi madirishani. Waliokuja kusali ni wengi, waliokuja kuona mzimu ni wengi zaidi.

Alikaa kwenye kigoda katikati ya ukumbi, akajipaka ile chokaa mwenyewe, polepole, akieleza: hii ni ya kuficha nyusi, hii ni ya kuzamisha macho. Akavaa meno. Walikuwa wamemtazama tangu mwanzo, lakini alipogeuka safu nzima ya mbele ilikimbia na benchi lao. Akayatoa, akacheka. Wakasema, "Rudia!" Akarudia. Mara ya tatu watoto walikuwa wanapigania kuyavaa.

Kisha filamu. Mimi sikuwahi kuiona. Nilipojiona pale kwenye moto, mkubwa kama nyumba, kweli niliogopa. Katekista akaisimamisha, nikasimama mbele yao, nikasema, "Jamani, mnanijua. Nimewauzia samaki nyinyi na mama zenu. Naomba kitu kimoja. Tutairudisha nyuma, na nyinyi fumbeni macho. Msisome. Sikilizeni."

Wakafumba. Shimba hakufumba, alisimama mlangoni na fimbo yake. Ngoma zikaanza, na sauti yangu chini yake. Kwenye kibanda waliisikia sauti hiyo mara nyingi, lakini jicho likishasoma damu sikio haliulizi tena. Halafu nyuma kabisa, bibi Modesta akapaza sauti:

"Anasema chumvi!"

Mtu akamnyamazisha. Modesta akasimama. "Nasema anasema chumvi! Sikilizeni! Sasa anasema mgeuze! Anambanika sato huyu!"

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikaja mbele kama mvua inavyokuja kutoka ziwani. Kocha wa mpira alicheka hadi akaketi chini. Na mimi nilicheka, Machibya. Kisha nikajikuta nalia, nikajifanya bado nacheka.

Shimba hakucheka. Alisubiri wakatulia, akasema, "Mimi Kisukuma changu ni kizuri. Nimesikia samaki. Sasa nani aliyeandika damu?"

Shamsa akamwambia katekista aiendeshe filamu hadi mwisho, yanapopita majina ya watu. Yalipita mengi. Kisha likapita lako: TAFSIRI KUTOKA KISUKUMA, MACHIBYA MALIMI.

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema jina ni la kawaida, akina Machibya ni wengi. Nikasema, "Ni mtoto wa kaka yangu. Kisukuma nilimfundisha mimi."

Sikukutetea. Shimba akasema neno moja, "Aje," akaondoka.

Wengine walitoka wanacheka, wengine walitoka tu. Wawili walininunulia samaki, wale wachache ninaobanika kwenye jiko la kawaida. Mwenyekiti wa jumuiya bado anasema nyumba yangu ina ngazi.

Paskazia


Kiseke, Mwanza
12 Aprili 2026

Shangazi,

Shikamoo. Queen na Malimi hawajambo. Mama mkwe amerudi kwake Kisesa, tumempeleka kwa heshima.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka juu ya kabati, sikuweza kuigusa hadi Pasaka. Kisukuma kile nilikielewa vizuri, shangazi. Niliandika ile damu nikicheka, Bwana Rahim akanipiga bega, nikajiona mtu.

Nilikwenda ofisini kwake. Nikamwambia, "Toa yale maneno ya hadithi ya kweli, na ile tafsiri."

Akasema, "Machibya, tukiwaambia ni uongo, nani atalipa aje aogope uongo?"

"Kule Kigongo kuna mtu anaweza kuuawa."

Alinivutia kiti. Kwa muda nilidhani amenielewa. Kisha akasema taratibu, "Hilo lisitokee, Mungu aepushe. Lakini likitokea, unajua ya saba itauzwaje?"

Nilimwambia neno ambalo siwezi kukuandikia. Akanijibu, "Wewe si Meneja wa Mandhari? Nenda nje ukayatazame." Hivyo sina kazi.

Lakini Shamsa naye alikataa kuvaa meno hadi maneno hayo yatolewe. Walikuwa wamekwisha kukodi magari, taa na ukumbi vya filamu ya saba, na mzimu amegoma. Walijaribu kumvisha meno msichana mwingine, akawa anacheka kila wakisema anza. Rahim alishikilia, mwishowe akalegea. Sasa filamu inaanza kwa maandishi mengine: HADITHI HII NI YA KUBUNI. BIBI UNAYEMWONA ANABANIKA SAMAKI. Nasikia kwenye kibanda kimoja watu wamedai kiingilio chao, wanasema wameibiwa hofu. Nakala za zamani bado ziko kwenye simu za watu, na hizo siwezi kuzifikia. Nalijua hilo.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Mei. Nitakuja peke yangu. Waambie wazee, na umwambie Shimba.

Machibya


Kigongo
17 Mei 2026

Mwanangu Machibya,

Marahaba. Shikamoo zako zote ulizoacha hapa nimeziitikia. Dorcas ameniambia ulifika salama na kwamba unamsaidia fundi wa picha za harusi. Ni kazi njema. Kwenye harusi watu hulia kwa sababu zao wenyewe.

Ulipokuwa umesimama mbele ya wazee ulitetemeka, nami nilifurahi kukuona unatetemeka. Walipokuamuru upite nyumba kwa nyumba ukaseme ukweli kwa mdomo wako mwenyewe, nilidhani utatoroka kwenye nyumba ya tatu. Hukutoroka. Modesta anasema ulikaa kwake hadi chai ikapoa, na kwamba ulimpasulia kuni. Anakusifu, ingawa anasema kuni zako ni fupi kama hasira.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Bado kuna anayevuka njia anaponiona. Kuna mama alimvuta mtoto wake kwenye mkono juzi, kisha akaona aibu, akajifanya anamrekebisha shati. Samaki wananunuliwa, si kama zamani, lakini paka amepungua.

Jumatano asubuhi alikuja Shimba. Tulisalimiana kwa mbali. Alikuwa na toroli la udongo na matofali, na hakuja na kijana wa kumsaidia, alikuja mwenyewe. Hakusema amekuja kufanya nini. Alikwenda moja kwa moja pale tanuri lilipokuwa, na hakuuliza lilikuwa mahali gani wala lilikuwa na mdomo upande upi. Alijenga kana kwamba analijua kila tofali.

Nilikaa kwenye kigoda nikachambua maharage. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, Machibya, makali yote. Nikayachambua na maharage. Mchana nikamwekea ugali na sato. Alikula ameinama, akamaliza, akaosha sahani mwenyewe. Akarudi kwenye udongo.

Jua lilipolala alinawa mikono, akashika toroli, akatoka. Alifika njiapanda, akasimama. Akaliacha toroli pale, akarudi hadi mbele yangu, akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi. Nilimtazama kwa haya macho yangu mekundu, na yeye hakuyakwepa. Nilikaa kidogo. Kisha nikamwitikia.

Shangazi yako,
Paskazia